Leta Ng'ombe, Mtani

Hapa Ulemo ukilitaja jina la Simeoni Msengi, mtu wa makamo atacheka kwanza, kisha ataanza kuigiza. Atakohoa kama mzee fulani, atatembea kama mchungaji fulani, halafu atakwambia, "Alikuwa anafanya hivi, bwana, mpaka mbavu zinauma." Mimi hukasirika. Huyo unayemwigiza ni mzee fulani na mchungaji fulani. Simeoni mwenyewe yuko wapi hapo? Mtu akiulizwa hivyo hunitazama kama nimechanganyikiwa, akaenda zake.

Basi nitasema mimi. Jina langu ni Paskali, seremala. Mama yangu na mama yake Simeoni walikuwa ndugu, kwa hiyo sisi ni wa damu lakini koo zetu ni mbili tofauti, na hilo la koo mlishike maana lina kazi mbele. Majukwaa yote aliyoyapanda huyu bwana kuanzia kanisani mpaka siku ya Uhuru niliyapigilia misumari mimi. Na siku alipotafuta mshenga, alinituma mimi. Hiyo nayo nitaieleza, ingawa hainipi sifa.

Alizaliwa Sekenke, kwenye migodi ya dhahabu, wakati baba yake akichimba huko. Kambi ile ilikuwa na watu wa kila namna: Wasukuma, Wanyamwezi, Wanyaturu, Wagogo, na wasimamizi wa Kizungu waliokuwa wakifoka kuanzia asubuhi. Watu husema alijifunza kuigiza pale kwa sababu ya lugha zile nyingi. Yeye aliniambia vingine. Mama yake alipokufa, baba alikuwa akirudi kutoka mgodini anakaa mlangoni, hali wala hasemi. Jioni moja Simeoni, mtoto ambaye hata shule hajaanza, alijificha nyuma ya nyumba akamwita baba yake kwa sauti ya mama. Mzee akaitika. Alisimama, akazunguka nyumba, akamkuta mtoto. Akamchapa vibaya sana. Kesho yake jioni akamwita kwa upole, akamwomba arudie.

Nilipomuuliza alijisikiaje, alisema, "Siku ile ya pili baba alinishika kichwa. Lakini alimshika mama."

Mgodi ulipofungwa walirudi Ulemo, na Simeoni akiwa kijana tayari. Krismasi ya kwanza tu kanisani walimpa nafasi ya Herode. Nilikuwa nimetengeneza kiti cha mfalme kwa mbao za masanduku, na huyu bwana alipokikalia na kuamuru watoto wauawe, kina mama wa viti vya mbele waliwafunika watoto wao kwa kanga. Mchungaji alilazimika kusimama kuwakumbusha waumini kwamba yule ni Simeoni. Uhuru ulipokuja alicheza bwana shauri wa Kizungu, kofia yake ya jua ikiwa nusu ya kibuyu iliyopakwa chokaa. Baada ya hapo malori ya chama yakawa yanamfuata. Alicheza Kiomboi, akacheza Singida mjini, na Azimio lilipotangazwa akacheza mnyonyaji mwenye tumbo la matambara. Kila alikokwenda watu walisema hawajaona mtu kama huyu.

Nyumbani alikuwa hana mtu. Alikuwa ameoa, mke anaitwa Theresia, mwanamke mpole wa hapahapa. Alirudi kwao kabla hata mtoto hajapatikana. Wazee walipomuuliza kosa la mumewe alisema hapigi, halewi, hana wanawake. "Ila kila jioni anaingia mtu mwingine," alisema. "Mimi sijui nimeolewa na nani." Wazee wakacheka, Simeoni naye akacheka, na alipofika kwangu hakuwa anacheka tena.

Sasa nieleze habari ya utani, maana asiyeijua hatanielewa hata nikisema mpaka kesho. Ukoo wa Simeoni na ukoo wa Kitundu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukuchukulia jogoo wako mchana kweupe, akamchinja, na wewe ukacheka. Anaweza kumwita mkeo mke wake mbele yako. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Na mtu wa ukoo wenu akifa, mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza pale msibani, alivyotembea, alivyoita watu, alivyovuta kamasi, ili wafiwa wacheke kidogo na kifo kisijione kimeshinda kila kitu. Ndivyo tulivyoishi, na mimi naona ni jambo zuri. Lakini lina ubaya wake mmoja: neno la mtani halihesabiki. Akisema kweli na akisema uongo, ni utani tu.

Mwaka sitini na sita akafa Filipo Kitundu. Alikuwa mfugaji, mtu wa kifua kibovu, na mke wake Yunisi alikuwa Mnyaturu aliyetoka Unyambwa, kule pembeni mwa Singida mjini. Kiswahili ndicho walichokitumia mle ndani kwa sababu Kinyiramba hakikumkaa Yunisi ulimini. Siku ya tatu ya msiba Simeoni alivaa koti la Filipo, akatoka, akasimama langoni pa boma. Akakohoa mara moja. Kisha akaita, "Yunisi! Hawa ng'ombe wamekunywa?"

Kiwanja chote kiligeuka. Ilikuwa ni Filipo. Yunisi aliinuka kwenye mkeka, akajibu, "Wamekunywa, baba Martina," akaanza kweli kutembea kuelekea zizini, mpaka wanawake wakamkamata. Hapo ndipo alipocheka, halafu akalia kilio ambacho tangu mume afe hakuwa amekilia.

Msiba ulipokwisha, wakati Simeoni akipita pale jioni kutoka shamba, Yunisi alimsimamisha. "Mtani," alisema, "hebu niulize habari ya ng'ombe." Simeoni akamuuliza. Yunisi akajibu. Kesho yake tena. Ikawa desturi: jua likishuka, mtu anasimama langoni, anakohoa, anauliza kama ng'ombe wamekunywa, anaitikiwa, anapewa kibuyu cha maziwa, anaondoka. Hakuna aliyeona vibaya, kwa kuwa ni watani. Hata mzee Gaspari, kaka yake Filipo aliyekuwa akiiangalia nyumba ile, alikuwa akicheka na kusema mdogo wake anatembea.

Simeoni alinijia karakanani, akakaa juu ya gogo, akawa anachezea maranda. "Paskali," akasema, "pale langoni anayeitikiwa ni Filipo. Mimi nabeba koti tu."

"Basi acha kwenda."

"Nisipokwenda siitikiwi kabisa."

Nilipomtazama nikaelewa kwamba mwenzangu ameshapenda, na amependa mahali pabaya.

Kuna jambo lingine kumhusu. Sisi wa rika lile hapa Iramba, wengi wetu ulimi ulikuwa ukiteleza kwenye r, tukaitamka l. Simeoni alijua kuificha. Jukwaani r zake zilikuwa safi, za bwana shauri zilikunjwa Kizungu, za Filipo zilikwaruza kwa sababu ya kifua. Lakini alipokuwa yeye mwenyewe, tena ana hofu, r zote zilimkimbia. Na kitu kingine: alikuwa akivua kofia na kujikuna ugoko wa mguu mmoja kwa wayo wa mwingine, amesimama kama korongo. Sidhani kama hapa kijijini kulikuwa na watu wawili waliowahi kuliona hilo. Mimi nililiona kwa sababu alikuwa akija kwangu akiwa amechoka kuwa watu wengine.

Siku moja alikwenda bila koti. Mimi nilikuwa pale nikirekebisha mlango wa zizi, kwa hiyo sikusimuliwa. Alivua kofia, akajikuna mguu, akasema kwa sauti yake, "Yunisi, mimi nataka halusi."

Yunisi akapiga kigelegele. "Leta ng'ombe, mtani!"

Wanawake waliokuwa wakipeta mtama wakaangua kicheko. Jibu hilo lilikuwa jibu la siku zote. Mtani akikuita mke wake, unamwambia alete ng'ombe, na hapo mchezo umekwisha. Sijawahi kusikia ng'ombe hata mmoja aliyeletwa kwa jibu hilo. Simeoni akavaa kofia. Kisha akakohoa, akawa Filipo, akauliza kama ng'ombe wamekunywa, akaitikiwa.

Ndipo akanituma mimi. Akasema mshenga hawezi kuwa utani, kwa sababu mshenga ni Paskali, na Paskali si wa ukoo wetu wala hajui kuchekesha. Hiyo ya mwisho sikuipenda, lakini nilikwenda. Nilivaa shati la kanisani, nikachukua ugoro wa wazee, nikakaa mbele ya mzee Gaspari na kuanza kwa heshima zote: "Shikamoo mzee. Nimetumwa na Simeoni Msengi..." Kufika hapo tu mzee alishaanza kutikisika kwa kicheko. Nikaendelea. Nikasema kuna ua nimeliona katika boma hili. Mzee akajipiga mapaja. Kumbe Yunisi alikuwa jikoni anasikia, na kama walivyo wanawake wa watani, alitoka na kikapu cha majivu akanimwagia kichwani.

"Mimi si mtani wenu!" nilipiga kelele. "Mimi ni wa ukoo mwingine!"

Ndiyo kwanza wakazidi. "Simeoni amemfundisha vizuri huyu!" alisema mzee Gaspari huku akifuta machozi. "Tazama anavyokasirika!"

Majivu yale yalinitoka masikioni siku nyingi. Nilimfuata Simeoni nikamwambia atafute mshenga mwingine, hata awe mbuzi. Hakujali majivu. Aliniuliza, "Alicheka vipi?"

"Alicheka tu. Watu hucheka vipi?"

"Alicheka kama anavyocheka na Filipo, au vingine?"

Ningejuaje? Nilikuwa na hasira, tena majivu machoni.

Na ng'ombe alikuwa nao. Hilo nalisema wazi, watu wasije wakadhani ni umaskini. Baba yake alimwachia ng'ombe wa kutosha mahari, walikuwa wakichungwa pamoja na wa kwetu. Wangeweza kutembea mpaka kwa mzee Gaspari asubuhi yoyote. Lakini aliyeambiwa "leta ng'ombe" na mtani wake akawaleta kweli, angeonekana amerukwa na akili, na mzee Gaspari angewachinja kwa kicheko. Simeoni alilijua hilo, na mimi nililijua.

Miaka ikapita hivyo, jioni kwa jioni, langoni. Ikafika sabini na mbili, wakaja watu wa sinema kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wakitengeneza filamu ya kilimo na ujamaa, iliitwa Pumba na Punje, na kiongozi wao alikuwa kijana wa Kigogo, Mazengo, mwenye adabu na kofia iliyogeuzwa nyuma. Walimsikia Simeoni sifa zake wakamtaka awe mkulima hodari. Wakaweka mashine yao shambani kwa kijiji, mbele ya lundo la samadi.

Simeoni alianza kama kawaida. Akamtoa mzee mmoja wa Kisukuma wa Sekenke, akamtoa katekista, akamtoa bwana shamba. Mazengo akatikisa kichwa. "Mzee wangu," alisema, "shikamoo tena. Usimwigize mtu. Kuwa wewe mwenyewe. Sema chochote kilichomo moyoni, ilimradi mdomo uonekane unasema, na mkono uelekee kwenye samadi."

Sisi hatukujua mashine zile. Nilikuwa nimesimama karibu, maana benchi alilokuwa amelikanyagia yule mpiga picha lilikuwa langu, na niliamini kama Simeoni alivyoamini kwamba kile kinachokula sura kinakula na sauti. Nani angetuambia vingine? Simeoni alilitazama lile lundo la samadi. Kisha akavua kofia. Akajikuna mguu kwa mguu. Mkono akauelekeza kwenye samadi kama alivyoagizwa, akaitazama mashine ile machoni, akasema:

"Yunisi. Ni mimi, Simeoni. Leo si malehemu, si mtu mwingine. Si utani. Nataka halusi. Nikija langoni jioni, niitikie mimi."

"Safi sana!" akasema Mazengo. "Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta."

Yunisi siku hiyo alikuwa Unyambwa, mama yake akiumwa. Aliporudi Simeoni alikwenda langoni bila koti wala kikohozi. Alimwambia kwamba hatakuja tena mpaka sinema ije. "Ikija, kaa mbele kabisa. Nitakachosema mle, kisikilize. Ndicho nilichotaka kusema siku zote."

Mimi nilimuuliza kwa nini anaamini sinema itaaminika wakati yeye mwenyewe haaminiki. Alikuwa ameshafikiri. "Sinema ni kitu cha selikali," alisema. "Selikali haina mtani."

Alingoja zaidi ya mwaka. Akakataa michezo yote, hata ya Saba Saba. Jioni alikuwa akikaa kwake na nilikuwa nikimwona anavyolitazama jua saa ile ya langoni. Yunisi naye alingoja. Nasikia alikuwa akitoka langoni saa ileile, anatazama njia, anarudi ndani. Alishonesha gauni jipya, akamwambia Martina binti yake kwamba ni la sinema. Mwanamke hashonei gauni habari ya utani, lakini sisi wanaume tuliliona gauni likiwa limekwisha kuvaliwa.

Gari la sinema lilikuja wakati wa mavuno. Walitandaza kitambaa cheupe kwenye ukuta wa ghala la pamba, jenereta likawa linanguruma, na Ulemo yote ilikuja, wengine na ndama zao. Yunisi alikaa mbele kabisa juu ya kigoda, na gauni lake, mikono magotini. Simeoni alisimama nyuma pamoja nami. Alijibanza nyuma ya bega langu, mtu aliyekwisha simama mbele ya maelfu.

Kisha akatokea. Uso wake ulikuwa mkubwa kuliko mlango wa ghala. Akavua kofia. Akajikuna mguu. Midomo ikafunguka, na humo ikatoka sauti ya mtu wa pwani, laini, iliyonyooka, kila r mahali pake:

"Ndugu wananchi! Samadi ni mali. Usiitupe samadi. Ilundike, ifunike, na mwakani utavuna mara mbili."

Mimi nilikuwa nikiitazama midomo. Nilikuwepo siku ile, niliyajua maneno. Midomo ilisema Yunisi, sauti ikasema ndugu wananchi. Midomo ilisema halusi, sauti ikasema samadi. Watu wakapiga makofi mpaka wakaomba irudiwe, na ikarudiwa. Simeoni alinishika bega kwa nguvu hata likauma. "Paskali," alisema, "wamenitoa sauti."

Yunisi alikaa mpaka mwisho. Halafu akachukua kigoda chake, akapita katikati ya watu bila kumtazama mtu yeyote.

Kesho yake asubuhi tulikwenda, Simeoni na mimi. Tulimkuta Yunisi anapeta mtama. Simeoni alieleza yote, mashine, Mazengo, na maneno yaliyoliwa. Akayarudia palepale, kofia mkononi, mguu juu ya mguu: ni mimi, Simeoni, si malehemu, si utani, nataka halusi. Wanawake wa jirani walikuwepo, kama kawaida, na walikuwa wameshaanza kucheka. Yunisi hakucheka. Alishusha ungo.

"Mtani," alisema, "unataka niamini kwamba mtu anaweza kutolewa sauti mdomoni akawekewa ya mwingine?"

"Ndiyo."

"Wewe unayewafanyia watu hivyo kila siku?"

Simeoni akaipindapinda kofia mkononi. Yunisi alimtazama, akasema, sauti ya chini, "Leta ng'ombe."

Wanawake wakalipuka. Jibu lilelile. Simeoni akavaa kofia, tukaondoka.

Tangu hapo akawa maarufu kuliko alivyowahi kuwa. Filamu ile ilizunguka mpaka Manyoni. Watoto walimwona barabarani wakapiga kelele kwa lafudhi ya pwani, "Samadi ni mali!" Watu wazima wakamwita Bwana Samadi. Wageni walimsimamisha awasemee, na akisema kwa sauti yake walisikitika, wakamwambia si hivyo, sinemani ulisema vizuri zaidi. Mwisho akaacha kusema. Langoni hakurudi tena. Alisema Filipo sasa amekufa kweli.

Ilipokuja oparesheni ya vijiji walitugawa. Akina Gaspari na Yunisi walihamishiwa kijiji kipya kule bondeni, sisi tukasogezwa barabarani. Tembe ya Simeoni ilibomolewa, akajenga kibanda cha chumba kimoja karibu nami. Nilimtengenezea kitanda na meza. Viti nilitaka nimtengenezee viwili, akasema kimoja kinatosha.

Nitasema jambo moja nililolisikia, nalo huniuma hadi leo. Nilikwenda jioni kumpelekea ugali, nikasikia watu wawili wanaongea ndani. Nikafurahi, nikasema leo amepata mgeni. Nikasimama nje kidogo nisiwakatize. Sauti ya Simeoni, yake kabisa, ilisema, "Yunisi, hawa ng'ombe wamekunywa?" Na sauti ya Yunisi, ile ya Kinyaturu na r zake ngumu, ikajibu, "Wamekunywa, Simeoni. Karibu ndani." Nilipoingia alikuwa peke yake juu ya kiti kile kimoja. Hakuona aibu. Alipokea ugali akanawa mikono.

Alikufa sabini na sita, kifua, wakati wa baridi. Nilimchongea jeneza mimi.

Msibani wakaja watani kutoka bondeni, mzee Gaspari na vijana wa ukoo wa Kitundu, kufanya kazi yao. Wakavaa nguo zake. Mmoja akawa Herode, mwingine akawa bwana shauri na kofia ya kibuyu, mwingine akakohoa kama Filipo ambaye hata hakumjua akiwa hai. Kisha wote pamoja wakasema samadi ni mali. Watu walicheka kwa adabu. Mimi nilisimama nikawafokea: "Huyo si yeye! Mwigizeni Simeoni!" Vijana wakatazamana. Mmoja akaniuliza kwa heshima, "Mzee, alikuwaje?" Nikafungua mdomo, nikakuta mimi ni seremala, sijui kuigiza.

Wakati huo Yunisi alikuwa anaingia kiwanjani. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka bondeni, Martina akimshika mkono. Kwa kuwa aliolewa kwa Kitundu, naye ni mtani wa Simeoni, na ana haki. Hakusalimia mtu. Alikwenda mpaka ukutani, akaitungua kofia ya Simeoni kwenye msumari, akaivaa. Akaja katikati. Hakukohoa. Alisimama tu, kofia kichwani, mpaka watu wakamgeukia.

Kisha akavua kofia. Akainua mguu mmoja, akajikuna ugoko kwa wayo, polepole, akiyumba kidogo kama alivyokuwa akiyumba. Mtu aliyesimama pale nilimjua.

"Yunisi," alisema, kwa sauti ileile, ya chini, yenye hofu. "Ni mimi, Simeoni. Si malehemu. Si utani. Nataka halusi."

Kicheko kilichopasuka hapo sijapata kukisikia msibani. Watu walishikana mabega. Hizo l, huo mguu, wote ghafla wakamkumbuka, wakashangaa kwamba walikuwa wamemsahau. Na kutoka nyuma, kama ilivyo desturi, mwanamke mmoja akaitikia kwa nguvu, "Leta ng'ombe, mtani!"

Yunisi alivaa kofia. Sasa alisema kwa sauti yake mwenyewe, na alikuwa ananitazama mimi, mshenga.

"Nilimwambia alete," alisema. "Siku ile ya kupeta. Nikafagia zizi, nikamsubiri."

Watu wakacheka tena, zaidi ya mwanzo. Mzee Gaspari alikuwa akijipiga mapaja. Ng'ombe wa Simeoni walikuwa nyuma ya kibanda, hawajanyweshwa tangu jana kwa ajili ya msiba, na nilikwenda kuwafungulia.